Toni za Kichina kwa sisi wa Kiswahili: mwongozo kamili, kuanzia sauti yako mpaka sentensi nzima

Mtu akianza Kichina, awe mwanafunzi aliyepata skolashipu au mfanyabiashara wa Kariakoo anayefuata mzigo Guangzhou na Yiwu, siku ya kwanza anaambiwa Kichina kina toni nne (yaani sauti kupanda au kushuka kunabadili maana ya neno), zikariri. Anapewa ile mā má mǎ mà, anaiimba darasani mpaka anaiweza vizuri kabisa, alafu akitoka nje haelewi na haeleweki. Wengi hapo wanajiambia hawana sikio. Sikio wanalo, shida iko kwingine, na ukishaijua ilipo unaokoa muda mwingi sana.

Shida ni mkazo. Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho na tunafanya hivo bila kufikiria: a-SA-nte, a-sa-nte-NI hakuna anayesema, tunasema a-sa-NTE-ni, mkazo umehama wenyewe. Kwenye hiyo silabi sauti inapanda na kurefuka kidogo, ile ya mwisho inashuka na kumezwa. Barabara ya magari tunasema ba-ra-BA-ra, ila "barabara kabisa" ya kukubali wengi wanasema ba-RA-ba-ra, na karibu hapo ndo mwisho wa Kiswahili kutumia upandaji wa sauti kutofautisha maneno. Sasa mdomo uliozoea hivi ukikutana na neno la Kichina la silabi mbili unajipigia hesabu wenyewe, ya kwanza juu ya pili chini. Zhōngguó (Uchina) inatoka ZHONG-guo, Měiguó (Marekani) inatoka MEI-guo, dàxué (chuo kikuu) inatoka DA-xue, yaani maneno yote yamevaa wimbo mmoja. Na Mandarini, Kichina rasmi, ukiivua toni inabaki na silabi kama 400 tu, ukiirudishia zinafika kama 1,300, kwaiyo sio urembo, ni nusu ya neno.

Kama nyumbani mnaongea Kisukuma, Kihaya, Kikuyu, Luganda, Kinyarwanda, Kirundi au Lingala, toni unazo tayari, hazifanani na za Kichina ila ile tabia ya kusikia kwamba sauti ya juu na ya chini ni maneno tofauti unayo. Fanya mazoezi ukiwa na hiyo lugha kichwani sio Kiswahili. Inasaidia kweli.

Hapa naongelea Mandarini, ile Putonghua inayofundishwa shule. Ndugu zake nitawagusa mwishoni.

Hatua ya 1: Pima sauti yako

Kabla ya toni yoyote tafuta sakafu na dari la sauti yako. Sema "mmm" ukishuka taratibu mpaka sauti inaanza kukwaruza, hapo ni 1. Panda mpaka karibu na pale inapoanza kuwa ya kulazimisha, hapo ni 5. Mwanaisimu Chao Yuen Ren ndo alipendekeza mwaka 1930 hii ngazi ya 1 mpaka 5 na mpaka leo watu wa toni wanaitumia dunia nzima, kwa sababu haijali sauti ni ya nani. 5 ya mwanaume mwenye sauti nzito inaweza kuwa chini kuliko 2 ya binti, na hakuna tatizo kwa sababu msikilizaji anakupima kwa sauti yako mwenyewe.

Wengi tukiwa na aibu tunabana sauti katikati, kwenye 3 hivi, na ukibana toni zote zinafanana. Kwaiyo zoezi la kwanza ni kutoka 5 mpaka 1 na kurudi bila kuona haya, ukiwa peke yako chumbani.

Hatua ya 2: Toni moja moja, ila usikae hapa sana

Toni ya 1 ni 55 (tano-tano, inaanzia 5 na kuishia 5 kwenye ngazi ile), juu na tambarare. Shika sauti juu usiiache ishuke mwishoni, maana Kiswahili kitataka kuishusha. Tāng, mchuzi wa supu.

Toni ya 2 ni 35, inapanda. Unayo tayari, ni ile "eeh?" ya mtu aliyeitwa hajasikia vizuri. Táng, sukari au peremende. Kosa la kawaida ni kuanzia juu sana alafu unakosa pa kupandia, anzia katikati.

Toni ya 4 ni 51, inaporomoka toka juu kabisa mpaka chini kabisa, fupi na kali, kama unavomkemea mtoto anayegusa moto, "we!" Sio hasira, ni umbo la sauti tu, na watu wa pwani waliofundishwa kuongea kwa upole wanaionea aibu wanaanzia 3. Usiionee aibu. Tàng ni moto, wa kitu kinachounguza.

Toni ya 3 inaandikwa 214, inashuka alafu inapanda, na hapa ndo vitabu vinapotosha watu. Kwenye maongezi ya kawaida ule mkia wa kupanda mara nyingi haupo. Ikifuatwa na toni ya 1, 2 au 4 inabaki 21, yaani chini tu. Mkia unautoa neno likiwa limesimama peke yake au mwisho wa sentensi, na hata hapo watu wengi wanaukata. Ifundishe akili yako kwamba toni ya 3 ni TONI YA CHINI, basi, ile "mmh" nzito ya mtu mwenye mashaka. Ukisema lǎoshī (mwalimu) kwa kuzungusha lǎo chini-juu alafu shī juu, unachelewa, na msikilizaji anasikia láo. Shuka 21, kaa chini, ruka 55. Lǎo-shī. Běi-jīng. Sauti ikikwaruza kidogo pale chini ni sawa kabisa, Wachina wenyewe inawakwaruza.

Siku chache zinatosha hapa. Mimi naamini kabisa kukaa mwezi mzima kwenye mā má mǎ mà ni kupoteza muda, kwa sababu hakuna anayeongea silabi moja moja.

Hatua ya 3: Jozi, na hapa ndo ukae

Maneno mengi ya Mandarini ya leo yana silabi mbili. Toni nne za kwanza mara tano za pili (nne pamoja na ile nyepesi ya hatua ya 5) ni jozi 20, na ukiziweza umeweza karibu wimbo wote wa lugha. Chukua neno moja kwa kila jozi ulishike kama nanga, ukikutana na neno jipya unauliza "huyu anaimba kama nani?"

Zinazoanza na 1: fēijī (ndege), Zhōngguó, kāishǐ (kuanza), gāoxìng (furaha), dōngxi (kitu).

Na 2: míngtiān (kesho), yínháng (benki), píngguǒ (tufaha), xuéxiào (shule), péngyou (rafiki).

Na 3: lǎoshī, Měiguó, shuǐguǒ (matunda), mǐfàn (wali), jiějie (dada mkubwa).

Na 4: dàjiā (watu wote), dàxué, Hànyǔ (Kichina), zàijiàn (kwaheri), xièxie (asante).

Kwa mtu wa Kiswahili ngumu kuliko zote ni zile zenye silabi ya pili inayotakiwa kubaki juu au kupanda: 1+1, 2+1, 3+1, 4+1, 1+2, 2+2, 3+2, 4+2. Hizo tumia nguvu maradufu. Fēijī lazima imalizikie juu kama ilivoanza, ukiona mdomo unashusha jī ujue ni Kiswahili kinaongea. Dawa yake ni kidole: nyosha kidole hewani, kichore mwendo wa sauti huku unasema, kidole kikae juu mpaka neno liishe. Inaonekana kitu cha watoto lakini mkono unailazimisha sauti, na walimu wengi wanaitumia.

4+4 ina kitu chake. Ya kwanza haiporomoki mpaka chini, inafika kama 53 alafu ya pili inaporomoka yote 51. Tài guì le, "ghali sana", sentensi utakayoitumia kila duka, sikiliza muuzaji mwenyewe anavosema utasikia tài haigusi sakafu.

Hatua ya 4: Toni zinazobadilika njiani

Kanuni kubwa ni moja na ndogo mbili.

Kubwa: toni ya 3 mbili zikifuatana ya kwanza inageuka kuwa ya 2. Nǐ hǎo inaandikwa hivo, inasemwa ní hǎo. Shuǐguǒ inasemwa shuíguǒ. Maandishi hayabadiliki, mdomo ndo unabadilika. Zikiwa tatu inategemea maneno yamefungwaje: zhǎnlǎnguǎn (jumba la maonyesho) ni "zhǎnlǎn" na "guǎn", kwaiyo inatoka zhánlánguǎn, mbili za mwanzo zinapanda. Ila xiǎo lǎohǔ (chui milia mdogo) ni "xiǎo" alafu "lǎohǔ", inatoka xiǎo láohǔ, ya kwanza inabaki chini. Yaani wimbo unakuonyesha sarufi ilivokaa ndani, hiki kitu kinanifurahisha sana.

Ndogo ya kwanza, bù (si, ha-) ikitangulia toni ya 4 inakuwa bú: bú yào (sitaki), bú duì (sio sahihi), bú guì (sio ghali). Kwingine inabaki bù: bù hǎo, bù lái.

Ndogo ya pili, yī (moja) ikitangulia toni ya 4 inakuwa yí, yí cì (mara moja). Ikitangulia ya 1, 2, 3 inakuwa yì: yì tiān (siku moja), yì nián (mwaka mmoja), yì běn shū (kitabu kimoja). Ukihesabu moja mbili tatu inabaki yī, na kwenye namba za simu wengi wanasema yāo badala yake, usishtuke.

Sasa tuchukue mfano mmoja tuukague kwa karibu. Mǎi ni kununua, mài ni kuuza, na kwa mfanyabiashara hakuna jozi muhimu kuliko hii. "Nǐ mǎi ma?" (nǐ ni wewe, ma ni neno la kuulizia) ni unanunua? "Nǐ mài ma?" ni unauza? Watu wanahangaika na ile silabi ya mǎi/mài peke yake, wakati jibu limeshatangulia kwenye nǐ. Mbele ya mǎi ile nǐ inageuka, inapanda: ní mǎi ma. Mbele ya mài nǐ inabaki chini: nǐ mài ma. Kwaiyo ukisikia mwanzo unapanda alafu sauti inazama, ni kununua. Ukisikia mwanzo uko chini alafu sauti inaruka juu na kuporomoka, ni kuuza. Hata sokoni kwenye kelele unaweza ukaikosa silabi yenyewe ukaidaka hiyo ya mbele. Ndo sababu nasisitiza jozi.

Hatua ya 5: Toni nyepesi

Silabi zingine hazina toni yake, ni fupi na dhaifu, urefu wake wa juu au chini unatoka kwa jirani aliyetangulia. Familia ya Kichina imejipanga vizuri kwa zoezi hili: māma (mama), yéye (babu mzaa baba), nǎinai (bibi mzaa baba), bàba. Baada ya toni ya 1 nyepesi inakaa kama 2, baada ya ya 2 kama 3, baada ya ya 4 inalala kwenye 1. Baada ya toni ya 3 inaruka mpaka 4, nǎi iko chini, nai inachomoza juu. Zisome hizo nne kwa mfuatano kila asubuhi.

Habari njema ni kwamba 1+nyepesi na 4+nyepesi mkazo wetu wa Kiswahili unazipata karibu bure, māma na bàba tunazisema vizuri toka siku ya kwanza. Kuwa makini tu na maneno ambayo wepesi wenyewe ndo maana: yǎnjing ni jicho, yǎnjìng ni miwani. Dōngxi ni kitu, dōngxī ni mashariki na magharibi.

Hatua ya 6: Sentensi nzima

Hapa ndo wanapokwama hata waliofaulu HSK (mitihani ya Kichina) za juu. Toni wanazo, ila sentensi inatoka kila silabi imesimama peke yake na kwa nguvu sawa, inachosha kusikiliza.

Chao alifananisha toni na kiimbo cha sentensi na viwimbi vidogo vinavopanda juu ya mawimbi makubwa, na mpaka leo sijaona maelezo bora. Toni ni kiwimbi, sentensi ni wimbi. Wimbi linaweza kuinuka au kushuka, kiwimbi kinabaki na umbo lake.

Kwanza, sentensi ya kawaida inashuka taratibu kadri inavoenda. Toni ya 1 ya mwisho inaweza kuwa chini kuliko toni ya 1 ya mwanzo na bado ni toni ya 1, kwa sababu inalinganishwa na majirani zake. Usijilazimishe kurudi 5 ileile kila mara, utasikika unaimba.

Pili, swali. Kwenye Kiswahili "unauza" na "unauza?" tofauti ni sauti tu, inapanda kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Ukiihamishia kwenye Kichina unaharibu toni ya mwisho. "Nǐ mài?" ukiipandisha mwishoni inakuwa nǐ mái, na mái ni kuzika. Kwenye Kichina swali linainua sentensi, hasa sehemu ya mwisho, ila mài bado inaporomoka, inaporomoka toka juu zaidi. Ukiwa mwanzoni tumia ma kila ukiuliza, ma inafanya kazi ya swali yenyewe na wewe unaziacha toni zako kwa amani.

Tatu, kusisitiza. Chukua hii: Tā míngtiān zuò huǒchē qù Běijīng, kesho anaenda Beijing kwa treni. Ukitaka kusema ni KESHO sio leo, unatanua míngtiān: inapanda zaidi, inarefuka, na kila kinachofuata kinabanwa na kushushwa. Ukitaka kusema ni kwa TRENI, huǒchē ndo inatanuka, huǒ inazama zaidi na chē inaruka zaidi, alafu qù Běijīng inapita imebanwa. Kusisitiza kwa Kichina sio kupandisha tu, ni kutanua: toni ya juu inaenda juu zaidi, ya chini inaenda chini zaidi. Sema sentensi hiyo mara tatu ukihamisha msisitizo, ujirekodi.

Hatua ya 7: Jirekodi na uone kwa macho

Sikio lako linakupendelea, kompyuta haikupendelei. Kuna programu ya bure inaitwa Praat, imetengenezwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, inafanya kazi hata kwenye laptop ya zamani. Fungua, rekodi sauti, ihifadhi kwenye orodha, ifungue kwenye dirisha la kuhariri alafu washa kuonyesha pitch, utaona mstari wa bluu, huo ndo mwendo wa sauti yako. Mwanaume weka kipimo 75 mpaka 300, mwanamke 100 mpaka 500, usipoweka mstari unaweza ukarukaruka ovyo.

Chukua sauti ya mzawa akisema neno lilelile, weka madirisha mawili pembeni, linganisha umbo. Usiangalie namba, angalia umbo: je fēijī yako imebaki tambarare mpaka mwisho au imeinama? Je guó ya Zhōngguó inapanda? Mstari ukikatika kwenye sh, x, s, f ni kawaida kwa sababu hizo konsonanti hazitikisi nyuzi za sauti, na ukikatika katikati ya toni ya 3 ni ule mkwaruzo niliousema. Toni ya 2 ni kawaida kuanza kushuka kidogo kabla haijapanda, usiihangaikie.

Vitu viwili vya kuangalia huku unaendelea. Kibodi ya pinyin (Kichina kwa herufi za Kilatini) kwenye simu haikuulizi toni, unaandika "mai" unachagua herufi, kwaiyo unaweza ukachati WeChat kila siku na toni zisiingie kabisa. Ukiandika neno jipya kwenye daftari weka alama ya toni hapohapo, na kwenye kadi za Anki (programu ya kukariri kwa kadi) weka sauti sio maandishi tu. Cha pili, nyimbo za Mandarini ni nzuri kwa msamiati ila sio kwa toni, kwa sababu melodi inazifunika. Kantoni, Kichina cha Guangzhou na Hong Kong, ni kinyume, watunzi wake wanachagua maneno yanayoendana na melodi, toni zinasikika ndani ya wimbo.

Ukiondoka kwenye Mandarini

Guangzhou kwa wenyewe ni Kantoni, ingawa sokoni Mandarini inatosha. Kantoni ina toni sita, si1 si2 si3 si4 si5 si6, na tatu kati yake ni tambarare kwa urefu tofauti: 1 juu, 3 katikati, 6 chini kidogo. Ile hatua ya kupima sauti inakuwa ya lazima. Afueni yake ni kwamba toni zake hazibadilikibadiliki sana njiani. Hokkien, Kichina cha Fujian na Taiwan, ni upande wa pili, karibu kila silabi isiyo ya mwisho kwenye kifungu inabadilika, unajifunza kila neno kwa sura mbili. Kichina cha Shanghai silabi ya kwanza ndo inaamua wimbo wa neno zima. Kiburma toni sio juu na chini peke yake, kuna sauti ya kukwaruza na sauti ya kukatwa ghafla kooni, kwaiyo mstari wa bluu hautoshi, sikiliza sauti yenyewe ilivo. Na ukijifunza Kitibeti uliza kwanza ni cha wapi: cha Lhasa, mji mkuu wa Tibet, kina toni, cha Amdo, eneo la kaskazini mashariki, hakina, mwalimu wa Amdo atakufundisha makundi ya konsonanti mwanzoni mwa neno, hapo achana na kidole hewani na Praat, fanyia kazi ulimi.